Mke wa Rais wa Marekani: Kazi Bila Mshahara, Nguvu Bila Kura

Katiba ya Marekani haina hata mstari mmoja unaomtaja mke wa rais. Hapigiwi kura, hathibitishwi na Seneti, na wala halipwi, ilhali mumewe analipwa dola 400,000 kwa mwaka. Hata hivyo ana ofisi Ikulu na wasaidizi wanaolipwa na serikali. Je, nafasi ya namna hii ina faida kwa demokrasia, au inaidhuru?

Wanaoitetea humtaja kwanza Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt, na wana haki. Kuanzia Machi 1933 aliitisha mikutano ya waandishi wa habari iliyokuwa ya wanawake watupu, hivyo gazeti lililotaka habari zake lililazimika kuwa na mwandishi mwanamke. Mwaka 1939 Daughters of the American Revolution, chama cha wanawake wa ukoo wa waliopigania uhuru wa Marekani, kilimnyima mwimbaji mweusi Marian Anderson ukumbi wake mjini Washington. Eleanor alijitoa katika chama hicho, tena hadharani. Mumewe, aliyewategemea maseneta wa majimbo ya Kusini, alijichunga sana katika masuala ya rangi. Kwa kuwa hakuwa na cheo, Eleanor aliweza kusema ambayo rais aliyanyamazia.

Lakini wapo wanaokumbuka Oktoba 1919, Rais Woodrow Wilson alipopigwa na kiharusi. Kwa miezi kadhaa nyaraka za serikali zilimfikia kupitia kwa mkewe, Edith, na umma haukuambiwa ukubwa wa maradhi. Baadaye Edith aliandika kwamba hakuamua jambo lolote la nchi, ila tu lipi ni muhimu na lini lipelekwe kwa mumewe. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua uzito wa hilo: anayechagua faili la kuingia kwa mkubwa anaweza kuwazidi mawaziri nguvu. Na hapakuwa na njia ya kumwajibisha.

Sheria imejaribu kuifuata hali hii kwa nyuma. Ile ya 1967 dhidi ya viongozi kuajiri ndugu zao ndiyo iliyofanya Rosalynn Carter, mke wa Rais Jimmy Carter, awe mwenyekiti wa heshima tu wa tume ya afya ya akili, ingawa kazi aliifanya kwelikweli. Mwaka 1978 Bunge likaruhusu mke wa rais apewe wasaidizi anapomsaidia mumewe kazi. Kisha ikaja 1993. Bill Clinton alimkabidhi Hillary kikosi cha kurekebisha huduma za afya, na vikao vikafanyika faragha. Chama cha madaktari kilikwenda mahakamani: sheria ilitaka kamati yenye mtu wa nje ya serikali ifanye vikao vya wazi, na Hillary hakuwa mtumishi wa serikali. Mahakama ya rufaa, ikiitazama ile sheria ya 1978, iliamua kwamba kwa suala hilo anaweza kuhesabiwa kuwa mtumishi.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa. Akahesabiwa mtumishi, na kikosi kikaruhusiwa kufunga milango. Wajibu unaoambatana na utumishi haukufuata. Mpango wenyewe ulikwama bungeni mwaka 1994, na lawama nyingi zikamwangukia yeye kama mke aliyevuka mipaka, badala ya kupimwa kama kiongozi aliyebuni sera.

Siungi mkono wanaotaka arudishwe kwenye karamu na mapambo ya Krismasi. Jill Biden aliendelea kufundisha chuoni kwa mshahara mumewe akiwa rais, jambo ambalo hakuna aliyemtangulia kulifanya, na serikali haikudhurika. Asiyetaka siasa aachwe na kazi yake. Ila rais akimkabidhi mkewe sera ya taifa, mke huyo aitwe mbele ya kamati za Bunge ahojiwe kama waziri. Rosalynn Carter alikwenda Seneti mwaka 1979 kueleza mapendekezo ya tume yake, na mwaka uliofuata sheria ya huduma za afya ya akili ikapitishwa.