Fremu sasa hivi au friza kwanza? Kwa mama mwenye kichanga

Kuna mama mmoja wa Tabata namfahamu, anauza sambusa za kugandisha. Anakunjia sebuleni, oda zinaingia wasapu, bodaboda anasambaza. Mtoto wake ana miezi mitatu. Juzi duka moja limemwambia likipata pakiti mia kwa wiki linachukua zote, na yeye kwa sasa akijitahidi sana anatoa arobaini. Basi ndugu wamegawanyika. Wapo wanaosema kopa, kamata fremu barabarani, yaani chumba cha biashara cha kupanga, weka vijana wawili, panua wakati jina liko juu. Wengine, mama yake mzazi akiwemo, wanasema tulia nyumbani, nunua friza, tafuta msichana mmoja wa kukusaidia kukunja, hayo mengine mtoto akishaanza uji. Hawa wa friza wanaitwa waoga, hawana malengo, na mimi naona wanaonewa ndo maana naandika.

Wale wa fremu wana hoja zao na ni za kweli. Mwenye duka hakusubiri wewe, akikosa kwako wiki mbili anahamia kwa mwingine. Nyumba ya kupanga nayo ina mipaka yake, LUKU mnashea, friza ikiingia tu wapangaji wenzio wanaanza kuhesabu uniti. Halafu ukitaka alama ya TBS, wale wa viwango vya ubora, ili uingie supamaketi, wanataka uwe na eneo la kuzalishia lililotengwa, sio jiko hilohilo la ugali wa watoto. Hilo huwezi kulikwepa miaka yote.

Ila mimi kinachonisumbua ni muda wa kunyonyesha, manake kwenye mabishano yote haya sijasikia mtu anauhesabu. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24. Haya, huyu ana miezi mitatu, tumpe ya chini, mara 8, kila mara nusu saa pamoja na kumcheulisha na kumbadilisha. Ni masaa manne kwa siku, 28 kwa wiki. Na yangekuwa yamekaa pamoja ingekuwa nafuu, ungefunga kazi mchana ukamaliza ukarudi, lakini hayakai pamoja, yanakuja nusu nusu na mtoto ndo anayepanga. Anayejua sambusa anajua hapo pana nini. Umeshabandua manda zako, zile karatasi za unga za kukunjia, umefunika kitambaa kibichi, gundi ya unga iko kwenye kibakuli, umekunja kumi tu mtoto analia. Unaenda. Ukirudi kitambaa kimekauka na feni, manda za juu zinavunjika pembeni ukikunja, gundi imeshika ngozi. Unatupa, unaanza upya. Akiwepo msichana pale pembeni anaendelea kukunja wewe ukiwa umekaa kitandani unanyonyesha na unamuona kupitia mlangoni. Mimi naona huko ndo kupanua kwenyewe, hata kama hakuna bango nje.

Sasa hamishia hayo kwenye fremu. Mtoto aende nawe, vumbi la barabara na karai la mafuta ya moto, au abaki nyumbani na maziwa ya kukamua? Maziwa yakikaa nje ya friji wanasema masaa manne, na hapo wanazungumzia joto la nyuzi 25, Dar mwezi wa kwanza inapita 30. Friji inasaidia, mpaka umeme ukatike.

Halafu kuna deni. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria, 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku kwenda kunyonyesha. Mama wa sambusa hana mwajiri, likizo yake anajipa mwenyewe, na hawezi kujipa kama kuna mtu anagonga mlango kila Jumatatu anataka rejesho. Fremu tuseme laki na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, laki tisa imeondoka kabla hujanunua kilo ya nyama. Wengi hiyo laki tisa wanaitoa kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Wiki ya 14 mtoto anachanjwa, usiku joto linapanda, asubuhi hakuna aliyelala hapo ndani, siku mbili hujakunja hata moja, na rejesho halijui habari za chanjo.

Ntaambiwa kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao, haina riba. Sawa, ni mikopo mizuri, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, lakini ni ya vikundi na ina mlolongo wake. Kwa hiyo kikundi aanze kukisajili sasa hivi, hela ikija kutoka mtoto atakuwa anakaa mwenyewe kwenye mkeka. Hapo fremu ntaiunga mkono.

Na baba wa mtoto tumuweke kwenye hesabu jamani. Masaa mawili ya jioni akimbeba mwanae, mama anakunja pakiti kadhaa bila kukatishwa, na hilo haligusi mkopo wa mtu.

Upande wa friza una hatari yake, sikatai. Msichana akishajua kukunja vizuri anaweza kuondoka akaanzisha yake, na mtu anaweza kuzoea sebule mpaka mtoto anaenda darasa la kwanza. Kwa hiyo lazima ajiwekee kipimo mapema, mfano friza ikijaa na kuisha wiki nane mfululizo na mtoto ameshaanza uji, aanze kutafuta chumba.

Yeye amerudi dukani akawaambia mia sitaweza, sitini naweza kuanzia mwezi ujao. Wamekubali sitini. Friza ya mtumba ameiona Kariakoo, anaenda kuijaribu Jumamosi baba akiwa nyumbani na mtoto.