Nilisema umfuate winga, si bango

Hivi wanaotengeneza kamera hizi zinazojilenga zenyewe wamewahi kukaa pembeni mwa uwanja wa Namboole, kule Uganda, jua likizama? Kwenye matangazo yao mtu mmoja anakimbia kwenye nyasi tupu, kisanduku cha kijani, kile kinachoonyesha kamera inalenga wapi, kimemganda usoni. Safi! Sasa njoo kwetu. Winga anachomoka, beki anakatiza mbele yake, na kisanduku kinahamia kwenye bango nyuma ya goli. Bango! Kitu ambacho hakijatikisika tangu asubuhi. Ukikuza picha unasoma hadi herufi ndogo za bango, winga mwenyewe kawa ukungu.

Sababu naijua. Fokasi, yaani ule ulengaji unaofanya kitu kitoke wazi pichani, hutafuta mahali mwanga na giza vinapoachana waziwazi, na maandishi meupe juu ya rangi nyekundu huivutia kuliko jezi iliyoloa jasho. Mwanga ukipungua ndiyo balaa: lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, kama mlevi anayetafuta tundu la kitasa, na goli limeshafungwa.

Wajuaji watakwambia weka fokasi endelevu, ile isiyoacha kumfuata mtu anayesogea, halafu punguza wepesi wake wa kuhama ili isibabaike mtu akipita. Nimepunguza. Sasa ikimdaka beki haimwachi! Ukiongeza, inamrukia refa.

Na mhariri hataki hadithi za vihisi, vile vibao vya kupokea mwanga ndani ya kamera, anataka goli. Wakati huohuo shabiki jukwaani, simu yake imepasuka kioo, anarusha picha kali WhatsApp. Kihisi cha simu ni kidogo, karibu kila kitu kinatoka wazi, winga na bango pamoja. Inauma, jamani.