Mafunzo endelevu ya patholojia yaanzie kwenye slaidi, si kwenye pointi za leseni

Daktari aliyehitimu patholojia, fani ya kutambua ugonjwa kwa kutazama nyama ya mgonjwa kwa hadubini, mwaka 2009 aliingia kazini akijua kwamba, kwa mazoea ya maabara nyingi, saratani ya titi huandikwa kuwa na vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo) pale angalau asilimia 10 ya seli zake zinaposhika rangi ya kipimo. Mwaka uliofuata, mwongozo wa pamoja wa madaktari wa saratani na wanapatholojia wa Marekani ulishusha kiwango hicho hadi asilimia 1, na mwaka 2020 ukarekebishwa tena ili uvimbe wenye asilimia 1 hadi 10 uandikwe kuwa na vipokezi kwa kiwango cha chini. Nyuma ya tarakimu hizo yuko mama ambaye, kwa slaidi ileile (kipande chembamba cha nyama yake kwenye kioo), angeweza kupewa au kunyimwa tamoksifeni, dawa ya vidonge ya kuzuia vipokezi hivyo, isiyo ya bei kubwa, inayotumika kwa miaka mitano au zaidi. Daktari aliyebaki na kiwango cha zamani hagunduliki kwa urahisi, kwa sababu ripoti yake imeandikwa kwa ufasaha, imesainiwa, na wodini ni nadra kupatikana mtu wa kuihoji.

Naandika haya nikiwa mmoja wa wanaoishi kwa kusoma vinyama, yaani nyama zilizotolewa miilini mwa wagonjwa ili zipimwe, na hoja yangu ni kwamba mafunzo endelevu ya wanapatholojia wetu yamewekwa mahali pasipo pake. Mabaraza ya madaktari, ya Tanzania na ya Kenya kwa pamoja, hudai pointi za mafunzo ili leseni ihuishwe, na sina ugomvi na sharti hilo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozitafuta pointi hizo: ukumbi wa hoteli, mada nyingi kwa siku moja, picha ya pamoja, cheti na posho. (Posho, tuseme kweli, ina mchango wake katika mahudhurio.) Mtoa mada huonyesha picha za slaidi zilizokatwa vizuri na kupakwa rangi vizuri katika maabara ya mbali, wasikilizaji hutikisa vichwa, kisha kila mmoja hurudi kituoni kwake na kukuta slaidi iliyojikunja, yenye rangi hafifu, na ambayo hakuna aliyemfundisha namna ya kuitolea uamuzi.

Mahali ambapo jambo hili huniuma zaidi ni titi lililotolewa lote. Limefika maabara ndani ya ndoo ya plastiki ambayo si kubwa kuliko titi lenyewe, fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, imefunika sehemu ya chini tu, na fomu haina saa ya upasuaji. Upasuaji ulifanyika Ijumaa mchana; leo ni Jumatatu. Ukilipasua kwa kisu unaona ukingo umekauka na kuwa wa kijivu kama inavyotakiwa, lakini katikati, uliko uvimbe, nyama bado ni laini, nyekundu na ina harufu. Fomalini hupenya kwa takriban milimita moja kwa saa, na titi ambalo halijachanjwa kwa kisu haliwezi kufikiwa hadi ndani kabla ya seli kuanza kuoza. Miongozo inataka kinyama kiwekwe katika fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja baada ya kutolewa mwilini, kikiwa kimechanjwa, chenye fomalini ya ujazo wa takriban mara kumi ya ujazo wake, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kinyama kilichoharibika hivyo kinaweza kutoa jibu la kutokuwa na vipokezi ilhali uvimbe ulikuwa navyo, na hakuna ujuzi wa hadubini unaoweza kurudisha kilichokwisha kupotea.

Kwa hiyo darasa la vipokezi vya titi ambalo ndani yake hamna muuguzi wa chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji na mteknolojia anayekata nta iliyoshika kinyama ni darasa nusu. Mwanapatholojia naye ana lake la kujifunza hapo, nalo halihitaji mashine mpya. Slaidi nyingi za saratani ya titi huwa na vijia vya maziwa visivyo na ugonjwa pembeni mwa uvimbe. Vijia hivyo kwa kawaida hushika rangi ya estrojeni katika baadhi ya seli zake. Vikikosa kushika, maana yake kipimo kimeshindwa, na jibu la kwamba mgonjwa hana vipokezi halipaswi kutoka. Nimeona ripoti zisizotaja kabisa vijia hivyo, na sidhani kwamba waandishi wake ni watu wazembe. Ni watu ambao kwa miaka mingi hakuna aliyekaa nao mbele ya slaidi zao wenyewe.

Sikatai kwamba maarifa mapya ni mengi na yanakuja kwa kasi. Toleo la tano la uainishaji wa uvimbe wa Shirika la Afya Duniani lilianza kutoka mwaka 2019, na juzuu ya ubongo ya mwaka 2021 ilibadilisha mpaka wa ugonjwa wenyewe: mtu mzima mwenye uvimbe wa astrositi (aina ya seli za ubongo) wenye mabadiliko katika jeni ya IDH haitwi tena mgonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hata kama hadubini inaonyesha sura ileile ya zamani. Hapa ndipo semina nyingi hunikatisha tamaa. Mhadhiri huorodhesha jeni zote zinazopimwa katika hospitali zenye uwezo, na msikilizaji asiye na kipimo hata kimoja huondoka akiamini kwamba jambo hilo si lake. Angeweza kuambiwa kwamba kingamwili moja tu ya kupakia rangi, ya IDH1 R132H, hubaini sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, na kwamba uainishaji wenyewe umeweka nafasi ya kuandika kuwa uvimbe haukubainishwa zaidi pale vipimo vinapokosekana. Kumfundisha mtu kuandika ripoti ya kweli yenye mipaka inayoeleweka ni elimu kamili, na kwa hali yetu ni elimu ya haraka kuliko nyingine.

HER2, protini ya juu ya seli za saratani ya titi ambayo hupakwa rangi na kupewa alama ya 0 hadi 3+, ni mfano mgumu zaidi. Kwa miaka mingi alama ya 0 na alama ya 1+ zilikuwa na maana moja kwa mgonjwa, yaani hakuna dawa ya HER2, hivyo hakuna aliyesumbuka kuzitenganisha kwa makini. Mwaka 2022 majaribio ya dawa ya trastuzumab deruxtecan yalionyesha kwamba wagonjwa wenye HER2 ya kiwango cha chini, ikiwamo 1+, walinufaika nayo, na ghafla tofauti ambayo wasomaji hawakuizoea ikawa na uzito. Wataalamu wa nchi tajiri wenyewe hawakubaliani vizuri kati ya 0 na 1+. Dawa hiyo kwetu ni ghali mno kwa mgonjwa wa kawaida, nami nisingependa tutumie muda mwingi kuibishania. Ninachokitoa hapa ni jinsi stadi hiyo inavyopatikana: kwa kusoma slaidi nyingi, kuandika jibu lako, kisha kulilinganisha na la mwenzako aliyesoma bila kuliona la kwako. Mhadhara hauwezi kufanya kazi hiyo.

Ninachopendekeza ni mzunguko wa slaidi kati ya hospitali. Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na hospitali ya rufaa ya Mbeya zina wasomaji, na zote zina visa vinavyotatiza. Kila kituo kichague visa vyake, vikiwamo vilivyopakwa rangi vibaya, kivitume kwa wengine bila majibu, kila mmoja aandike uamuzi wake peke yake, kisha wakutane kwa njia ya video na kutofautiana wazi. Najua wengi watasema tayari tunashauriana kwa WhatsApp, na kweli makundi hayo yamesaidia wagonjwa. Lakini anayepiga picha ndiye aliyekwisha kuchagua mahali pa kutazama, na huenda dalili muhimu imo katika kona ya slaidi ambayo hakuipiga. Mashine za kuskani slaidi nzima huondoa tatizo hilo, isipokuwa faili moja linaweza kuzidi gigabaiti moja, na intaneti yetu inajulikana. Hadi hapo patakapotengemaa, sanduku la slaidi linaweza kupanda basi, kama ambavyo vinyama vya wagonjwa vimekuwa vikipanda miaka yote.

Ushirikiano na vyuo vya nje ni mzuri, ila umetuzoesha kujiona wapokeaji tu. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, na kutoka kwenye vinyama vya uvimbe huo ndipo virusi vya Epstein-Barr vilionekana mwaka 1964. Saratani ya Burkitt, ya Kaposi, ya umio na ya mlango wa kizazi ni magonjwa ambayo wasomaji wetu huyaona mara nyingi kuliko wageni wanaokuja kutufundisha kwa wiki moja. Chuo cha wanapatholojia cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika, COPECSA, kinaweza kuufanya mzunguko wa slaidi uvuke mipaka, kwa sababu kinazo nchi wanachama tayari. Kuna pia mambo ya bure ambayo hatuyatumii vya kutosha: NordiQC ya Denmark, mpango wa kupima ubora wa upakaji rangi, huweka mtandaoni matokeo na taratibu za kupaka rangi kingamwili moja baada ya nyingine, na ICCR, ushirikiano wa kimataifa wa kuripoti saratani, hutoa fomu za kuripotia saratani bila malipo. Akili mnemba itakuja nayo, na itahitaji slaidi zilizokatwa na kuhifadhiwa vizuri kama sisi tunavyozihitaji.

Kinachokwamisha ni muda. Mahali penye mtaalamu mmoja, akienda semina wiki moja, vinyama hurundikana na wagonjwa husubiri majibu, ndiyo maana baadhi ya wakuu wa hospitali husita kutoa ruhusa, nami siwalaumu sana. Mzunguko wa slaidi haumtoi mtu kituoni. Unataka alasiri moja iliyoandikwa kwenye ratiba ya idara kama inavyoandikwa kliniki, na isiyoguswa kwa udhuru wa kazi nyingi, na unataka mabaraza yaitambue alasiri hiyo kwa pointi, kwa sharti kwamba jibu la kila msomaji liwe limehifadhiwa kabla ya majadiliano kuanza. Hapo hata wale wanaofukuzia pointi tu watalazimika kusoma slaidi.