Tarehe 21 Mei si ya watu wa Kanda ya Ziwa peke yao

Kila ifikapo tarehe 21 Mei, Mwanza na Bukoba wanakumbuka. Watu wanakwenda makaburini Igoma, viongozi wa dini wanaomba, na wazee wanasimulia tena jinsi meli ya MV Bukoba ilivyopinduka asubuhi ile ya Jumanne mwaka 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Kwingineko nchini siku hiyo inapita kama siku nyingine yoyote. Hilo linaniuma, na kadiri miaka inavyokwenda linazidi kuniuma.

Mwaka ule haikuwa hivyo. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na watu ambao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria walilia na waliofiwa. Meli ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Idadi kamili haijulikani hadi leo, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Hapo kwenye daraja la tatu ndipo moyo wangu unapokwama. Aliyekata tiketi ya juu jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Mchuuzi aliyelala juu ya mzigo wake, au mama aliyempakata mtoto, alijulikana na aliyemsindikiza tu. Kama ndugu zake wote walikuwa naye melini, nani alibaki wa kumtaja?

Kuna jambo lingine. Meli ilipopinduka ilielea kwa muda, tumbo juu, na waokoaji wakasikia watu wakigonga kutoka ndani. Wakalitoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imewashikilia wale watu ikatoka, na meli ikazama. Nimesikia wengi wakiwalaumu waliotoboa. Mimi siwezi. Binadamu anagonga upande wa pili wa chuma, nawe una kifaa mkononi, utafanya nini? Waliojaza meli kupita kiasi wana swali la kujibu. Hawa wengine wanastahili mkono wa pole kama wafiwa wengine, na sidhani kama waliwahi kuupata.

Pale Igoma wamelazwa wengi ambao hawakutambuliwa. Mwislamu na Mkristo, Mhaya na Msukuma, mwenye mali na asiye nacho. Hapakuwa na namna ya kuwatenganisha, na waliokuwa na majembe hawakusubiri kujua nani ni nani. Kwangu mimi umoja wa taifa uko pale, kuliko kwenye hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Tatizo letu ni kwamba kila upande umebaki na matanga yake. Pemba na Unguja wana usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, kisha wana MV Skagit ya Julai 2012. Watu wa kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, wana tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipopinduka karibu kabisa na gati na kuua zaidi ya 200. Ukisikiliza wafiwa wa Ukara, unasikia maneno yale yale ya wafiwa wa MV Bukoba: kujaza, kutojua waliopanda ni wangapi, kuhesabu watu baada ya kuzama. Pengine tungelia pamoja tangu 1996, tungekuwa wakali zaidi pamoja, na mtu angezuiwa gatini.

Ombi langu ni dogo. Mei ijayo wafiwa kutoka Pemba waalikwe Igoma, na ikifika Septemba watu wa Kagera na Mwanza wavuke bahari, wakae kwenye hitma na wenzao, kisha wengine wafike Ukara. Nauli tuichange, kwa sababu kuchangiana kwenye msiba tunakujua vizuri sana. Majina yanayojulikana yasomwe yote, hata ikichukua nusu siku. Yakiisha, padri na shehe wawaombee wale wa daraja la tatu, na yeyote anayemkumbuka mtu ambaye hakuandikwa apewe nafasi ya kumtaja kwa sauti.