Kipengee Chako Bado Kipo?

Najua mshaisikia ile ya mimi kutapeliwa nikiuza gari. Fundi baiskeli wa Barabara ya 12 kashaitupa kwenye magrupu yote, sauti ya dakika nne, anacheka humo mpaka anapaliwa. Sasa nisikilizeni na mimi mwenye mali. Kwanza, sikulia. Nilikuwa na mafua. Pili, siyo milioni mbili. Ni laki moja na themanini, na ndiyo, bado inauma, asanteni kwa kuuliza.

Carina yangu mnaijua. Toyota kuukuu, namba B, ile ikipita Makorora hapa Tanga watoto wanaziba masikio. Nikaiweka mtandaoni, milioni sita na nusu. Siku tatu za mwanzo nikapata madalali watupu, "Bosi, mwisho ngapi?", na bwana mmoja aliyetaka kunipa milioni mbili na pikipiki isiyowaka. Siku ya nne ikaingia barua pepe:

"Habari za siku Muuzaji Mpendwa. Nimevutiwa na kipengee chako. Je, kipengee bado kipo? Nakubali bei yako bila wasiwasi. Mimi ni mhandisi wa bahari, niko melini, simu haziruhusiwi."

Kipengee! Mtu anaiita Carina kipengee, na mimi nikaona huyu msomi. Nikamjibu kwa adabu zote za Kitanga: "Mheshimiwa, kipengee kipo." (Mke wangu anasema hapo ndipo angeninyang'anya simu, laiti angejua.) Hakujua kwa sababu mhandisi aliniambia ni zawadi ya kumshtukiza baba yake, nisimwambie mtu. Na mimi, ambaye siri hailali kwangu, nikanyamaza siku tatu nzima kumtunzia siri baba wa mtu nisiyemjua.

Kisha ikaja ya pili, eti ya kampuni ya malipo. Ina nembo, ina bluu yake, ina mpaka mhuri. Shilingi 8,300,000 zimeingia kwa jina langu ila zimeshikiliwa: 6,500,000 zangu, 1,800,000 za msafirishaji atakayekuja Tanga kuchukua gari. Nimlipe msafirishaji kwanza, nipige picha risiti, nitume, ndipo mzigo wote ufunguke. Nina saa 24, la sivyo hatua za kisheria. Yaani nauza gari langu mwenyewe halafu nishitakiwe mimi! Wala sikushtuka. Ile laki na themanini ya "kufungua faili" nilishaituma asubuhi yake, peke yangu, kitandani, natabasamu.

Na kumbukeni, ni mimi huyu huyu niliyemsomesha mama mkwe nusu saa nzima alipopata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilimuuliza, mama, hela gani, kwa nani? Akaniambia hakutuma, alikuwa ananionyesha tu.

Haya, kibandani kwa wakala.

Ni jioni. Shemeji yangu yuko pembeni, kwa sababu ile milioni moja na laki nane ni yake, nimeiazima kwake mpaka kesho. Nyuma yangu kuna mama na beseni la mihogo, mzee wa kofia ya viua aliyekuja kununua umeme, na huyo fundi baiskeli, aliyefuata vocha ya elfu moja akaondoka na habari ya mwaka. Binti wa wakala kahesabu noti mara mbili, kaniwekea kwenye simu. Naandika namba ya msafirishaji. Jina linatokea. Naligeuza kwa binti, kwa majivuno.

"Kaka, mbona kampuni ina jina la mtu?"

"Huyo ndiye mkurugenzi."

"Hebu nione hiyo barua pepe." Akagusa pale juu penye jina la kampuni, pakafunguka mkia mrefu wa herufi na tarakimu kama namba za luku, na mwishoni kabisa, gmail. "Kampuni ya mabilioni inatumia gmail kama mimi?"

"Hilo tawi la Afrika," nikasema. Wallahi nilisema hivyo. Hilo fundi hakulisahau.

Nikaanza namba ya siri. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kidole gumba kiko hewani kinaitafuta ya nne, mzee akakohoa.

"Mwanangu, huyo mnunuzi gari kaliona?"

"Kaona picha, mzee."

"Kauliza giaboksi?"

"Hapana."

"Kauliza kama linakula oili? Kauliza kadi ina jina la nani?"

"Hapana, mzee."

"Kaomba umpunguzie?"

Kimya.

"Hata elfu kumi hakuomba?"

Kibanda kizima kikageuka kuitazama Carina. Imeegeshwa pale nje, taratibu inadondosha oili mchangani, tone, tone. Hata mimi, niliyeizoea, nikajiuliza nani mwenye akili timamu ataitolea bei kamili.

Fundi akachukua simu yangu, akasoma kwa sauti barua zote saba. Gari halimo. Hakuna pahala limetajwa gari. Kipengee, kipengee, kipengee, mara tisa. Mama wa mihogo ndiye aliyekuwa akihesabu, ikabidi alitue beseni chini kwa kucheka.

Yaliyobaki mepesi. Shemeji kachukua hela yake pale pale, hakusubiri kesho. Namba ya yule msafirishaji nimeiripoti 15040, ile ya kupokea taarifa za matapeli wa simu. Kituoni nimeandika maelezo, askari kajikaza vizuri mpaka kwenye "tawi la Afrika". Usiku nikamwandikia mhandisi: kipengee changu ni rangi gani? Akajibu, "Nimeridhika sana na rangi ya kipengee."

Juzi kaja mteja wa Muheza, mzee wa machungwa. Hakunisalimia vizuri, kaingia uvunguni na nguo zake safi, akatoka na oili usoni, akasema gari bovu, bodi imeoza, atatoa milioni tatu na nusu na nimshukuru Mungu. Nilitaka kumkumbatia. Tukiwa katikati ya kuvutana, fundi akapita na baiskeli, akapaza sauti, "Kipengeee!"

Mzee akageuka. "Kipengee ndo nani?"

"Gari," nikasema. "Ndiyo jina lake."

Akapunguza laki mbili.