Wosia Uliothibitishwa Kabla ya Kuandikwa

Wengi wenu mmekwisha kuisikia ile sauti ya dakika sita ambayo rafiki yangu, aliyekuwa mgeni wangu Jumamosi na ambaye nilimjazia sahani mara tatu, ameirusha katika kundi la watu wa Tanga tulioko Marekani. Nimeambiwa kwamba imeshavuka bahari na kumfikia mama mzazi, ambaye amenipigia simu kuuliza kama ndoa yangu ingali salama. Katika sauti hiyo anadai kwamba nilikimbizwa kwa koleo la kugeuzia nyama. Si kweli, koleo halikuondoka jikoni mwake. Mengine yote, kwa masikitiko makubwa, ni ya kweli, na kwa kuwa kila anayeyapokea anayatia chumvi yake, ni afadhali myasikie kwa mwenye aibu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba mke wangu ni mwenyeji wa Virginia, na kwamba tangu mwaka jana nimekuwa nikichimbua habari za ukoo wa baba yake, walowezi waliofika huko wakati nchi ingali koloni la mfalme wa Uingereza. Lililonitia katika kazi hiyo ni pilipili manga. Baba mkwe ametundika sebuleni nakala ya hati ya ardhi ya mwaka 1728, ambayo kwa miaka arobaini alikuwa akiwaonyesha wageni kama ushahidi wa ufukara wa babu yake, kwa kuwa inasema kwamba mzee huyo alipangishwa shamba kwa mwaka mmoja, akatoa shilingi tano, na kodi yake ikawa punje moja ya pilipili manga, ikidaiwa. Mimi ni mjukuu wa mpanda pilipili manga wa Muheza. Zao la bibi yangu kutajwa katika misitu ya Virginia karibu miaka mia tatu iliyopita halikuwa jambo la kuliacha lipite, kwa hiyo nikafunga safari hadi maktaba ya jimbo iliyoko Richmond, ambako vitabu vya mahakama za kaunti vimehifadhiwa katika mikrofilamu, nikaviperuza mpaka nikaipata hati ya pili, iliyoandikwa siku moja tu baada ya ile ya kwanza, ambayo hakuna mtu katika familia aliyewahi kuitafuta.

Kumbe ilikuwa hila ya mawakili wa Kiingereza. Badala ya muuzaji na mnunuzi kwenda shambani na mashahidi, na mmoja kumkabidhi mwenzake bonge la udongo na kijiti kama desturi ya kale ilivyotaka, mnunuzi alifanywa kwanza mpangaji wa mwaka mmoja, na kesho yake muuzaji akamwachia haki yote iliyobaki kwa bei yenyewe. Punje ya pilipili iliwekwa ili mkataba uwe na malipo ya kutajwa, wala hakuna aliyekusudia kuidai. Babu hakuwa mpangaji fukara. Alikuwa amenunua ekari 400. Baba mkwe aliposikia hivyo alinikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi, na kuanzia hapo akawa ananiita Profesa mbele za watu.

Mgema alikuwa amesifiwa. Sasa sikilizeni tembo lilivyotiwa maji.

Nilirudi Richmond kuutafuta wosia wa babu huyo, nikaupata katika kitabu cha wosia cha kaunti yake, umeanza kama zinavyoanza nyingi za enzi hizo, kwa jina la Mungu, Amina, na maelezo kwamba mwenye kuusia ni mgonjwa wa mwili lakini mwenye akili na kumbukumbu timamu. (Mimi siku hiyo nilikuwa mzima wa mwili.) Chini yake kulikuwa na tarehe 9 Oktoba 1731. Nikateremka hadi mahali karani alipoandika kwamba wosia umeletwa mahakamani, mashahidi wameapa na umekubaliwa, nikasoma kwamba hayo yalifanyika mwezi wa Februari 1731. Nikasoma tena. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma mara ya tatu. Mahakama ilikuwa imeuthibitisha wosia miezi minane kabla haujaandikwa.

Nadhani mnaelewa jinsi damu ilivyonichemka. Saa nane za usiku nilikuwa mezani kwangu na nakala, nikiyaona mambo yaliyozidi kunitia hamasa. Mwandiko wa wosia, wa sahihi ya marehemu na wa mashahidi watatu ulikuwa mmoja, herufi kwa herufi, hata mkia wa herufi ya mwisho ulipinda upande uleule. Mtoto wa kiume wa kwanza alikuwa ameachiwa shilingi moja. Shilingi moja! Mtanzania halioni neno hilo bila kuumia. Ekari 200 pamoja na usimamizi wa mirathi zilikuwa zimekwenda kwa mtu mwenye jina la ukoo mwingine kabisa, ambaye wosia ulimtaja kuwa ni mkwe. Basi nikahukumu peke yangu, bila kumwuliza mtu aliye macho: mkwe alighushi wosia, akampora mrithi halali, na karani alikula njama naye.

Katika kurasa zilizofuata kulikuwa na orodha ya mali ya marehemu, ambayo wathamini walioteuliwa na mahakama waliipitia kitu kwa kitu, na humo, baina ya ng'ombe na vyungu vya shaba, yameandikwa majina saba ya watu, kila mmoja na bei yake mbele, ya mwisho ikiwa ya mtoto. Niliyanakili kwenye karatasi yake. Nilikusudia nianze mazungumzo yangu kwa majina hayo. Lakini yule mkwe mwizi alikuwa amenijaa kichwani, na karatasi ikabaki mfukoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukoo kukutana katika uwanja wa baba mkwe, watu wapatao hamsini. Niongeze, kwa kuwa rafiki yangu amelisahau hili kwa makusudi, kwamba miongoni mwao walikuwamo watu kumi na wawili wa ule ukoo mwingine, wazao wa huyo mkwe, walioendesha gari saa tano kutoka North Carolina wakiwa na mikate mitatu ya matunda ya pichi. Aliyependekeza waalikwe ni mimi. Kwa akili zangu niliona kwamba baada ya miaka karibu mia tatu, mtu akielezwa kuwa babu yake alikuwa mwizi atacheka na kuomba aongezewe nyama.

Nilitundika shuka jeupe la baba mkwe ukutani mwa ghala, nikawasha projekta, nikachukua mpini wa ufagio wa kuonyeshea. Nilizungumza vizuri. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa maana laiti ningezungumza vibaya, baadhi yao wangekuwa wamesinzia. Niliwaonyesha mwandiko, wakanong'ona. Niliwaonyesha shilingi, wakaguna. Nilipofika kwa mkwe nilinyamaza kidogo, kama nilivyowaona mawakili wakifanya katika televisheni, kisha nikatamka kwamba mtu wa kuogopwa katika mirathi si mgeni, bali ni mkwe. Mke wangu alifumba macho. Mama mkwe aliacha kujipepea. Nami, bila kuona dalili yoyote, nikagusa shuka kwa mpini pale penye neno Februari, nikasema: "Ndugu zangu, wosia huu ulithibitishwa kabla ya kuandikwa."

Kukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha kustaajabu.

Miongoni mwa wale wa North Carolina alikuwapo bibi wa miaka 84 ambaye muda wote huo alikuwa akitafuna hindi la kuchemsha, mstari kwa mstari, bila kuruka punje. Akaliweka hindi sahanini. Akafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa cha karatasi, akakikunja kitambaa mara mbili, akakibana chini ya sahani ili kisipeperuke. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, ule upole ambao mtu yeyote aliyepita chuoni kwa mwalimu mwenye kiboko angepaswa kuutambua papo hapo: "Mwanangu, mwaka 1731 ulianza lini?"

"Tarehe mosi Januari, bibi," nikamjibu. Na nilitabasamu, jamani. Nilimtabasamia kama mtu anayemvusha mzee barabara.

Hakunijibu. Aligeuka upande wa kijana wa miaka kama kumi aliyekuwa chini ya meza akimlisha mbwa, akamwuliza George Washington alizaliwa lini. Mtoto akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni tarehe 22 Februari 1732, jambo ambalo huko watoto hulijua kama wetu wanavyoijua tarehe ya Uhuru. "Vizuri. Na siku hiyohiyo alipozaliwa, kwao walihesabu ni tarehe ngapi?"

Mtoto hakujua. Ombi langu ni kwamba mtulie nami hapa, kwa maana hapa ndipo ninaporudi kila nikifumba macho. Mtoto hakujua, lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimelisoma mwaka jana, nikalisahau, na sasa likawa linapanda polepole kutoka kisogoni, kama maji yanayopanda ngazi, huku mpini ukiwa ungali juu ya neno Februari na macho ya watu hamsini yakiwa juu ya mpini. Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731. Ndivyo kalenda ya kwao ilivyosoma, kwa sababu Uingereza na makoloni yake, mpaka sheria ilipobadilishwa na kuanza kutumika mwaka 1752, ziliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Oktoba 1731 ilikuja, ikafuata Desemba 1731, ikafuata Januari 1731, na Februari 1731 ikaja miezi minne baada ya Oktoba 1731, kwa utaratibu kabisa, bila ya mtu yeyote kughushi chochote. Ndiyo maana waandishi waangalifu wa zama hizo waliandika miaka miwili yenye mkwaju katikati, 1731/2. Karani wangu hakuwa mmoja wao.

Mzee alitoa wosia akiwa mgonjwa, akafa wakati wa baridi, na mahakama ikafanya kazi yake.

Na aliyeshindwa kulifahamu hilo ni nani? Ni mtu wa Tanga. Ni mtu ambaye kwao saa moja hugonga pale wenzake wanaposema saa saba, anayefunga Ramadhani kwa kalenda moja na kulipwa mshahara kwa nyingine, na ambaye pwani ya kwao ina Mwaka wake wenyewe unaoanza kwa Nairuzi, watu wakaoga Makunduchi mwezi wa Julai. Katika uwanja ule hapakuwa na mtu aliyelelewa na kalenda nyingi kunishinda.

Mjomba mmoja mwenye huruma alijaribu kuniokoa. "Lakini mwandiko ni mmoja," akasema. Bibi akalichukua hindi lake. "Karani," akajibu, akatafuna. Kitabu cha wosia ni nakala. Wosia wenyewe ulikuwa karatasi nyingine, na karani alihamishia kitabuni kila kitu, sahihi za watu zikiwamo. Na ile shilingi? Mtoto wa kwanza alikwisha kupewa shamba na baba yake kwa hati, akaachiwa shilingi ili asiweze kudai kwamba alisahauliwa. Hati hiyo ilikuwa katika kitabu kilekile cha ardhi nilichokipekua, kurasa chache mbele ya mahali nilipoishia. Kuhusu mkwe, bibi alieleza bila haraka kwamba katika Kiingereza cha wakati ule neno hilo lilitumika pia kwa mtoto wa kambo, na kwamba huyu alikuwa mtoto wa mke wa marehemu kwa mume wa kwanza, aliyelelewa na mzee huyo tangu udogo.

Hapo mama mkwe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo mkwe hakuwa mwizi," akasema, "wala hakuwa mkwe."

"Mkwe tuliye naye ni huyu tu," akadakia baba mkwe, na uwanja mzima ukaangua kicheko, ambacho ndicho mnachokisikia mwishoni mwa ile sauti.

Yaliyofuata hayana maelezo mengi. Niliomba radhi kwa watu kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine. Nilipewa mkate wa pichi. Niliangusha kipande chake juu ya shuka wakati wa kulitungua, na doa halikutoka. Kabla ya kupanda gari, yule bibi aliniuliza kama nimeyanakili majina saba ya ile orodha ya mali, maana kwao kuna daftari lenye mengine ya kaunti hiyohiyo. Nikampa karatasi kutoka mfukoni, akaisoma yote akiwa amesimama, akaitia ndani ya Biblia yake, na hakucheka wala hakuna aliyecheka.

Leo asubuhi nimekuta bahasha katika sanduku langu la barua. Ni ya baba mkwe. Ameandika kwa mkono, kwa herufi zenye mikia, kwamba nilipangishwa shuka moja jeupe kwa siku moja, kwa kodi ya punje moja ya pilipili manga, ikidaiwa, na kwamba sasa anaidai. Chini yake ametia alama ya msalaba, na pembeni mama mkwe ametia sahihi kama shahidi, kwa mwandiko uleule.

Nimefungua kopo aliloniletea mama kutoka Muheza. Nimetia punje mbili. Ya pili si riba, kwa kuwa riba ni haramu. Ni ya doa.