Nimekuja Kupanda Meli, Minnesota

Wale mliokwisha kuisikia ile sauti ya dakika nne ya shemeji yangu kwenye grupu la familia, kuhusu yaliyonikuta kwa maafisa wa uhamiaji Marekani, nipeni nafasi na mimi niseme. Sikufungwa pingu. Sikulia, lile alilonikuta nalo usoni lilikuwa jasho. Na wala sikumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni nahodha. La unahodha kalitia yeye, na limeshika, maana leo asubuhi mpwa wangu wa miaka sita kaja kunishika mkono: "Shikamoo mjomba nahodha."

Yaliyobaki kwenye ile sauti, wallahi, ni kweli.

Mnaijua kazi yangu. Natandika vitanda melini, nakunja taulo ziwe tembo na bata maji, wageni wanapiga picha, mimi napata bakshishi. Kontrakti saba sasa, na karibu zote nimeingilia Miami kwa viza ya baharia, ile C1/D. Afisa anauliza umekuja kufanya nini, unampa pasi, kitabu cha ubaharia na barua ya wakala wa meli, unasema, "Nimekuja kupanda meli, bwana." Anakupa siku zako, 29 zikizidi sana. Unatoka nje, unamkuta mtu kashika bango, mnapakiwa kwenye basi na Wafilipino na Wajamaika kama magunia ya vitunguu, jioni uko ndani unatandika.

Sasa mimi ninayo na nyingine: B1/B2, ya matembezi. Wenzangu wengi wa melini wanazo zote mbili. Mtu mmoja anaweza kuwa na viza za aina mbili tatu za nchi ile ile, zote hai, mradi kila safari aingie kwa ile inayolingana na alichokifuata. Kama ni meli, unaingia kama baharia. Kama ni matembezi, unaingia kama mgeni. Huwezi kuingia kama baharia halafu ukaenda zako kubembeleza watoto wa dada yako. Ongeza stika ya Schengen, viza ya nchi nyingi za Ulaya, ya mwaka ule tulioanzia Barcelona, ile ya siku 90 ndani ya kila siku 180 ambayo kuzihesabu kwake unahitaji na vidole vya miguu, na pasi zangu zina stika kuliko matatu ya Likoni, kwetu Mombasa. Nikawa najiona. Mtu akiniuliza kijiweni, "Una viza wewe?" nilikuwa namuuliza, "Ipi?"

Mungu alikuwa anasikiliza.

Kasoro ilikuwa moja tu. Hiyo B1/B2 iko kwenye pasi yangu ya zamani. Zile pasi za zamani za Kenya zilipoondolewa mwaka 2022 nikahamia hii ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ya zamani ikakatwa pembe. Lakini viza ya Marekani haifi na pasi. Ikiwa bado ina muda na haijaharibika, unatembea na pasi zote mbili, iliyo hai na iliyokufa, zimefungwa raba bendi moja. C1/D iko kwenye mpya. Shikeni hapo.

Basi dada yangu, aliyeko Minneapolis mwaka wa 11 huu, kajifungua mtoto wa kiume Januari. Mama kaniambia, wewe ndiye mjomba, huna kazi mpaka Aprili, nenda ukamwone. Mombasa, Nairobi, Amsterdam, Minneapolis, katikati ya Februari. Mama kanifungia kashata, achari ya embe na mabuyu kilo mbili. Koti zito sina, Mombasa nani ana koti? Nikavaa lile la melini, nililopata mwaka tuliopita Norwei.

Amsterdam nilijibu vizuri. Naapa. Walituhoji kabla ya kupanda ndege, nikaonyesha pasi zote mbili, nikasema naenda kumwona mtoto wa dada yangu, yule binti akatabasamu. Kisha saa tisa angani. Nikala mabuyu. Nikalala. Nikaamka, nikala mabuyu.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo shemeji anaporuka.

Foleni ikanifikia. Afisa ni mzee wa makamo, ndevu nyeupe, miwani imemshuka puani. Mkono wangu ukaingia mfuko wa kulia ukatoa pasi mpya na kitabu cha ubaharia. Sikuutuma. Ulijituma. Kitabu cha ubaharia cha nini, mtu anakwenda kumwona mtoto? Ndimo kinamokaa, miaka yote kinakaa humo.

"Umekuja kufanya nini?"

Na mdomo, mdomo huu huu niliozaliwa nao, ukajibu kwa furaha: "Nimekuja kupanda meli, bwana."

Akaacha kubonyeza kompyuta. Akainua uso taratibu, kama mtu aliyesikia sufuria ikianguka kwenye nyumba aliyodhani haina mtu.

"Hapa?"

Ningeweza kusema samahani. Silabi nne tu. Lakini kontrakti saba nimefundishwa kwamba mgeni haambiwi hapana. "Ndiyo, bwana."

"Minneapolis?"

"Ndiyo, bwana."

"Bahari iko wapi?"

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Likoni. Katika maisha yangu sijapata kuulizwa bahari iko wapi. Kwetu haiulizwi, ukipotea njia unaikanyaga. Nikageuka kutazama nyuma. Kweli niligeuka. Nyuma yangu alikuwepo mama wa Kisomali na watoto watatu, naye maskini akageuka kutazama nyuma yake.

Ndipo nikaikumbuka picha ya gari la dada. Bamba lake la namba linaisifu Minnesota kuwa nchi ya maziwa 10,000, maziwa ya kuogelea, si ya chai. Nikaona nimeokoka.

"Ziwani, bwana."

Mlionitumia vijimeli kwenye simu, nawaona. Endeleeni.

Kumbe nimejipeleka mwenyewe. Ziwa la meli lipo kweli, ni Superior, na bandari iko Duluth, kilomita 240 hivi kaskazini. Meli za baharini hufika mpaka pale kupitia mto St. Lawrence. Mnadhani haya niliyajulia wapi? Kanisomesha yule afisa, pale pale dirishani, kwa sababu kwao ni Duluth. Watu wote waliomo kwenye jengo lile, nimempata mtoto wa bandari mwenzangu! Akaniambia kuna milango ya maji inaitwa Soo, meli ikitaka kuingia ziwa lile lazima ipite pale, nayo hufungwa katikati ya Januari mpaka tarehe 25 Machi.

"Saa hizi ni barafu," akasema. "Meli yako inateleza?"

Nikacheka. Peke yangu.

Akaniambia niweke vidole kwenye mashine. Nikaweka vinne, nikatoa. Kioo kikabaki chekundu. Ile rangi ya mabuyu, wenyewe mnaijua, haijui sabuni wala aibu. Akakitazama kioo, akatazama vidole, akanitazama midomo, ambayo baadaye niliiona chooni na kwa kweli ilikuwa kama nimebusu mlango uliopakwa rangi asubuhi ile. Akatoa kitambaa, akapangusa kioo, hasemi neno.

"Tena."

Nikaweka tena. Chekundu tena.

Hapo ndipo macho yake yakashuka kifuani kwangu. Sikuelewa anatazama nini mpaka na mimi nikainama. Beji. Beji ya kazi, jina langu, na chini yake KENYA, imebanwa kwenye koti tangu Desemba. Yaani mtu kavaa beji ya melini, kashika viza ya melini, barua ya meli hana, yuko katikati ya bara wakati wa barafu, na vidole vyake vinatoa wekundu. Ningekuwa yeye ningeita jeshi.

"Una viza nyingine?"

"Ndiyo!" Kwa mara ya kwanza jibu langu lilikuwa na ukweli ndani yake. "Ninayo hapa!"

Nikatia mkono mfuko wa ndani. Raba bendi imo. Pasi haimo. Nikapapasa, kidole kikaangukia kwenye tundu, na papo hapo nikaelewa: pasi imepenya, imezama ndani ya bitana, nausikia ule ugumu wake kule nyuma karibu na kiuno. Mtu mwenye akili angelivua koti. Mimi niliifuata. Nikapitisha kiganja, nikapitisha mkono mpaka kiwiko, najinyonga mbele ya dirisha kama mtu anayejikuna pasipofikika, huku namwambia, "Sekunde moja, bwana, iko huku."

Katika nchi hii, ukizamisha mkono ndani ya koti mbele ya afisa, hakudhanii unatafuta pasi.

"Toa mkono. Polepole."

Ukakataa kutoka. Saa ilikuwa imenasa kwenye uzi.

"Umekwama, bwana."

"Polepole."

"Hiyo polepole ndiyo imekwama, bwana."

Alikuwa amesimama sasa. Mwenzake wa dirisha la pili naye amesimama. Yule mama wa Kisomali alishawavuta wanawe kando, na alinisomea kitu, nilimwona midomo ikienda. Nikavuta kidogo. Nikavuta tena. Bitana ikapasuka kwa mlio mrefu, ule wa muuza kitambaa akichana mita tatu za kanga, na mkono ukatoka juu, umeshika kitu.

Haikuwa pasi. Ilikuwa kashata. Kashata ya nazi ya mama, imenata nyuzi za bitana kama imeota nywele. Nilikuwa nimeificha mfuko ule Nairobi ili nisiimalize.

Tukaitazama sote watatu. Kisha nikaiweka juu ya kaunta yake, taratibu kama alivyoagiza, na kwa mazoea ya kazi nikamwambia:

"Karibu."

Basi. Mengine ni mafupi. Nikapelekwa chumba cha pembeni, nikakaa humo muda wa saa mbili kasoro. Koti likakatwa kwa mkasi, pasi ikatoka, B1/B2 ikaonekana, iko hai na nywele zangu za zamani. Wakanipa tishu nipanguse midomo. Akaja afisa mwingine, mwanamke, akaniuliza melini nafanya kazi gani, nikatazama mkononi kabla sijajibu: ile tishu ilishakuwa bata maji, shingo na mabawa, na mimi sina habari nayo. Akaenda kuwaita wenzake. Wakampigia dada simu, akasema ndiyo, ni kaka yangu, amefanya nini tena. Hilo "tena" nimeliweka. Yule mzee wa Duluth akaja kuniambia viza yoyote ile ni ya kubisha hodi tu, anayefungua mlango ni yeye, na safari nyingine nijue hodi ninayoipiga ni ya nini. Kanipa miezi sita ya mgeni. Mabuyu wakayachukua, mbegu hawazitaki. Kashata yao hawakuisema, na mimi sikuuliza, lakini pale kaunta nilipopita haikuwepo.

Nje nyuzi 20 chini ya sifuri, koti halina bitana. Shemeji kanisubiri mpaka kope zimeganda, na mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu, nikamsimulia yote garini na kumwomba yasitoke nje ya gari. Hatujafika nyumbani sauti ilishafika Kisauni.

Tangu siku ile dada ananisomesha. Kila asubuhi, mtoto begani, uji mkononi, ananivamia: "Umekuja kufanya nini?" Nami najibu, "Nimekuja kumwona mtoto wa dada yangu." Nikiwa bafuni anauliza mlangoni. Juzi kaniamsha saa nane usiku akaniuliza, nikajibu nimefumba macho, akanisifu.

Leo mchana wakala wa meli kapiga simu. Kontrakti ya nane ipo, nirudi kwanza nyumbani, halafu Aprili, Miami. Kaniuliza kama nathibitisha kwamba nitakwenda kupanda meli.

Nikamwambia nimekuja kumwona mtoto wa dada yangu.